Nani Alichuma Hizi Nyanya?

Mama mboga wa mtaa wetu ana sheria moja: usifinye nyanya kama hununui. Kule Buñol, mji mdogo karibu na Valencia, Uhispania, sheria ni kinyume kabisa. Lazima uifinye nyanya kwanza ndiyo umrushie mwenzako, isije ikamuumiza. Hizo sheria mbili ndizo zilizonifanya nikae chini niandike, maana nimesoma orodha nyingi sana za sherehe za chakula za kufunga safari Ulaya na sikumbuki hata moja iliyouliza nyanya zenyewe zilichumwa na nani.

Unazijua hizo orodha. Zinakupata kwenye simu saa tano usiku, umejifunika blanketi, ndengu za jana ziko kwa sufuria. Kuna picha ya jibini, kuna picha ya watu wakicheka na glasi mkononi, kuna bei ya tiketi kwa euro, halafu kuna ahadi kwamba utakula "kama mwenyeji". Wengi wetu tunazipitisha tu kwa kidole. Lakini huu ni utanzu kama utanzu mwingine wowote, una kanuni zake na uongo wake, na sioni kwa nini tusiusome vile tunavyosoma hadithi fupi: nani anasimulia, nani anapewa jina, na nani hayuko kabisa kwenye ukurasa.

Kanuni ya kwanza ni ukale. Kila sherehe lazima iwe ya tangu jadi, ya mababu, iliyozaliwa pamoja na mlima wenyewe. Sasa chukua sherehe ya chaza ya Galway, Ayalandi. Ilianza 1954, na aliyeianzisha ni meneja wa hoteli, Brian Collins, aliyetaka wageni waendelee kuja Septemba wakati msimu wa watalii unaisha. Basi, ndiyo hadithi yote. Au nenda Alba, kaskazini mwa Italia, kwenye maonyesho ya trufo nyeupe, ule uyoga unaomea chini ya udongo na kunuswa na mbwa. Aliyeupa jina duniani ni Giacomo Morra, naye pia mtu wa hoteli. Kila mwaka alikuwa akichagua trufo moja nzuri na kumpelekea mtu maarufu kama zawadi. Mwaka 1949 ilimwendea Rita Hayworth, nyota wa filamu wa Marekani. Leo tungesema jamaa alikuwa anatafuta mainfluensa, miaka mingi kabla neno lenyewe halijafika.

Sisemi ni aibu. Kila desturi ilianzishwa na mtu siku fulani, na meneja wa hoteli ana haki ya kubuni sherehe kama chifu au padri. Kinachonikera ni orodha kuficha hilo, kwa sababu ikishakuficha kwamba sherehe ni biashara, haitakuambia chochote kuhusu wafanyakazi wa biashara hiyo. Babu hana vibarua. Meneja anao.

Turudi Buñol, maana hapo ndipo penye utamu. Tomatina hufanyika Jumatano ya mwisho ya Agosti. Inasemekana ilizuka 1945, vijana walipogombana barabarani karibu na kibanda cha mboga wakaanza kurushiana kilichokuwa karibu. Miaka ya hamsini serikali ya Franco iliipiga marufuku, na 1957 watu wa mji wakajibu kwa mazishi: walibeba jeneza lenye nyanya kubwa ndani, wakaandamana na bendi ikipiga muziki wa matanga. Marufuku ikaondolewa. Kwangu mimi hicho ndicho kisa bora katika utanzu huu wote, na nashangaa jinsi orodha nyingi zinavyokipita mbio ili zifike kwa ushauri wa kuvaa miwani ya kuogelea. Watu walimzika tunda ili wapate ruhusa ya kucheza. Hiyo ni tamthilia kamili, na hakuna aliyehitaji tiketi kuitazama.

Leo tiketi ipo. Tangu 2013 mji umeweka kiwango cha watu kama 20,000, na hata hivyo hiyo ni mara mbili ya wakaazi wake. Malori yanaingia na zaidi ya tani 100 za nyanya, vita vinachukua saa moja, kisha magari ya zimamoto yanaosha barabara. Filamu ya Kihindi ya Zoya Akhtar ya 2011, Zindagi Na Milegi Dobara, iliigeuza hiyo saa moja kuwa ndoto ya vijana wengi kutoka Delhi hadi Parklands. Nimeitazama mara tatu, sitadanganya. Ile nyanya ya kwanza ikigonga shati jeupe, unahisi hata wewe umesamehewa kitu.

Watetezi wake husema nyanya hizo hazifai kwa meza: zimeiva kupita kiasi na zingetupwa tu. Labda. Mimi si mtu wa kuhubiria wenzangu juu ya kutupa chakula. Nimeona mabaki ya harusi za hapa nyumbani. Swali langu liko nyuma ya lori. Nyanya inayotupwa inachumwa kwa mkono uleule na mgongo uleule ulioinama kama ile inayoliwa.

Na tunajua mikono hiyo ni ya nani, kwa ujumla. Katika mashamba yaliyofunikwa plastiki ya Almería, kusini mwa Uhispania, zaidi ya hekta 30,000 zinazoonekana hata kwenye picha za setelaiti, wachumaji wengi wametoka Moroko na Afrika Magharibi. Sisemi nyanya za Tomatina zinatoka Almería. Nasema ukitaka kuandika kuhusu nyanya ya Ulaya, huwezi kuandika kana kwamba hujioteshi huko na kujichuma yenyewe kulikuwa ni jambo la asili.

Hapo ndipo Torino inapoingia, mji ambao ningekushauri uufungie safari kama una uwezo. Nasema "kama una uwezo" na simaanishi nauli pekee. Visa ya Schengen kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hurudishiwi. Ongeza barua ya benki, barua ya mwajiri, bima, na ile kazi ya kumthibitishia mtu nyuma ya kioo kwamba unaenda kula na utarudi. Orodha haina aya ya hayo. Msimulizi wake amezaliwa na pasipoti ambayo haihitaji aya hiyo.

Mimi nilibahatika kufika Septemba 2024. Terra Madre hufanyika kila baada ya miaka miwili, na mwaka huo ilikuwa Parco Dora, mahali palipokuwa na viwanda vya chuma. Nguzo ndefu nyekundu za kiwanda bado zimesimama, hazibebi chochote, na chini yake watu wanauza asali. Kuingia ni bure. Nilitembea nikila vipande vya mkate na jibini hadi nikaona haya, nikaamua kununua.

Wenyewe, Slow Food, wana historia inayoeleweka: mwaka 1986 Carlo Petrini na wenzake walipinga mgahawa wa McDonald's uliokuwa unafunguliwa karibu na ngazi maarufu za Piazza di Spagna mjini Roma. Maonyesho ya chakula yakaanza Torino 1996, na 2004 wakaita mkutano wa kwanza wa Terra Madre, wakulima na wafugaji na wavuvi kama 5,000 kutoka nchi 130. Tangu 2022 rais wa chama hicho ni Edward Mukiibi, Mganda. Na kwenye orodha yao ya vyakula vya kulindwa wako wetu pia: malenge ya Lare, kuku wa Mushunu wa Molo wasio na manyoya shingoni, na yale maziwa ya Wapokot yanayogandishwa kwenye kibuyu na kutiwa majivu ya mti wa cromwo hadi yanageuka rangi ya kijivu.

Nilimwelezea mama mmoja Mtaliano kuhusu hayo maziwa. Alisikiliza kwa makini sana, mikono imekunjwa, kama mtu aliye kanisani. Kisha akauliza yananunuliwa wapi. Nikamwambia unaanza kwa kumjua mtu Kacheliba. Tukacheka wote wawili, yeye labda akidhani ni utani.

Torino ni tofauti na Buñol kwa sababu hapo mtu aliyetengeneza chakula anasimama mbele yako, ana jina, na unaweza kumuuliza maswali ya kijinga. Hilo si jambo dogo. Lakini hata hapo kuna ufa, na Kiswahili chetu kinauona haraka kwa sababu kina maneno mawili: mkulima na kibarua. Sherehe za aina hii zinamtukuza mkulima, mwenye shamba dogo na mbegu za nyanya yake mzee. Kibarua hana mbegu za nyanya yake. Ana siku moja ya kazi, labda na kesho nyingine.

Mji huohuo wa Torino una hadithi ya kibarua mmoja. Yvan Sagnet, Mkameruni, alikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Politecnico di Torino. Kiangazi cha 2011, akihitaji pesa, alishuka kusini hadi Nardò kuchuma nyanya. Malipo yalikuwa kama euro 3.50 kwa kasha la kilo 300 hivi, na kwenye hizo hizo ulimlipa msimamizi nauli na mkate wa mchana. Sagnet na wenzake waligoma. Mwaka huohuo Italia ikafanya uwakala wa vibarua wa namna hiyo, caporalato, kuwa kosa la jinai, na 2016 sheria ikakazwa. Baadaye mwongozaji Milo Rau alimpa Sagnet nafasi ya Yesu katika filamu yake ya 2020, The New Gospel, iliyopigwa Matera, na wahamiaji wakiwa miongoni mwa wanafunzi wake. Itafute uitazame. Ni nzito kuliko Zindagi, haina nyimbo za kuimba bafuni, ila ukimaliza utaanza kuangalia kopo la nyanya kwa jicho lingine.

Kama mhariri fulani angenipa kazi ya kuandika orodha yangu, ningeweka Torino, ningeweka yale mazishi ya 1957, na Galway ningeweka kwa sababu chaza ni tamu na meneja yule alikuwa mjanja. Halafu ningeweka Nardò mwezi wa Agosti, ambako hakuna sherehe.

Niliporudi nilimuuliza mama mboga nyanya zake hutoka wapi. Mwea, akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwa sukuma aliyokuwa anakata. Wiki hiyo zilikuwa tatu kwa thelathini. Nikalalamika kidogo, vile inavyopaswa. Akasema mvua imeharibu, na tena vijana wa kuchuma wamekataa kuguswa shamba hadi waongezewe pesa ya kreti.