Lipiko na Jukwaa

Aghalabu mtu akizungumzia onyesho huanza na kile kinachoonekana: mavazi, rangi, taa na mapambo ya jukwaa. Wazee wa ngoma wa Kimakonde huanza kwingine. Wao hupanga kwanza nani atasimama wapi, nani anajua nini, na nani atalazimika kukimbia. Kwa hiyo anayetaka kuipima ngoma ya lipiko hana budi kuutazama uwanja kabla ya kukitazama kinyago.

Kutoka Masasi msafiri huupanda uwanda wa juu wa Makonde akielekea Newala. Katika vijiji vya pande hizo, Makote ikiwamo, ngoma za vinyago zilifungamana na jando, nalo lilikuwa na majira yake: kiangazi, chakula kikishavunwa. Watu hufanya duara. Zile ngoma ndogo zenye mguu mmoja uliochongoka huchomekwa ardhini, ngozi zake zikiwa zimekwisha kupashwa moto zikakaza. Kisha lipiko hutokea vichakani, mwili mzima umefunikwa kwa nguo, njuga zikilia. Duara hufunguka lenyewe. Watoto hutawanyika wakipiga kelele, halafu hurudi mmoja mmoja kuchungulia.

Kwa mapokeo, lipiko si mtu bali ni mzimu. Mvulana huijua siri jandoni, anapooneshwa kwamba ndani ya kinyago mna binadamu kama yeye. Wanawake na watoto hawakutakiwa kuijua, au kwa uchache hawakutakiwa kuitamka. Basi uwanja mmoja ulibeba hadhira mbili, na wale wanaojua walikuwa na kazi ya kuitunza siri mbele ya wasiojua. Hapakuwa na mtazamaji mtupu. Hata aliyekimbia alikuwa anatimiza sehemu yake, kwani mbio zake ndizo zilizompa mzimu uzito.

Mchongaji naye alilifuata sharti hilo. Kinyago cha namna ya kofia, ambacho ni mashuhuri zaidi kwa Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji, huchongwa kwa mti mwepesi, kikatiwa chale za usoni au kuwekewa chale za nta, na mara nyingi hupandikwa nywele za mtu. Mvaaji hakivai wima. Hukiinamisha nyuma kichwani, akaona njia kwa kupitia kinywa cha kinyago. Kwa sababu hiyo uso wa lipiko huelekea juu kidogo, kama wa mtu anayewatazama walio mbali na kuwapuuza walio mbele yake. Dharau hiyo huonekana vyema na mtu aliyesimama chini, usawa mmoja na mchezaji. Mpandishe mchezaji huyo juu ya jukwaa la mbao, umweke mtazamaji kitini chini yake: atakachokiona ni kidevu, na uso utakuwa umeelekezwa kwenye dari.

Ngoma za uwanda huu zilianza zamani kukatwa na macho ya wageni. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu kutoka Leipzig, alifika Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema. Kamera huona upande mmoja tu. Duara haliingii ndani yake. Baada ya uhuru, kikundi cha taifa cha ngoma kilichoundwa miaka ya 1960 kiliichukua sindimba, ngoma nyingine ya Wamakonde, kikaifanya ya Watanzania wote. Hapo palikuwa na heri kubwa, maana kabila lililodharauliwa lilipata kuheshimiwa. Lakini wachezaji walipangwa safu wakielekea wageni waheshimiwa, na kilichobaki katika kumbukumbu za wengi ni kiuno.

Hatima ya kinyago kilichokosa uwanja kabisa inajulikana. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilikuja kuonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, na mwaka 2010 kilirudishwa Tanzania. Kurudishwa huko kulikuwa haki. Hata hivyo, kinyago kilitoka ndani ya makumbusho kikarudi makumbusho. Na ndani ya kioo hakuna mtoto wa kukikimbia.

Haifai kutoka hapo kulilaani jukwaa. Jando limefupishwa, vijana wamehamia mijini, na mtu wa visiwani asingepata kuyaona mapiko kama pasingekuwa na matamasha. Tamasha la MaKuYa, lililoanzishwa Mtwara mwaka 2008 kwa ajili ya sanaa za Wamakonde, Wamakua na Wayao, limezipa ngoma hizi mahali pa kuchezwa nje ya jando. Swali lililo mbele ya waandalizi wa matamasha popote pale si kama lipiko lioneshwe, bali ni kazi gani atapewa mtu aliyekuja kulitazama.

Watu wa pwani wana jibu mikononi mwao. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akapita mbele ya wote na kumtunza mwimbaji; na wote humwona, wakajiuliza ubeti ule umemlenga nani. Kule Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa migomba, na aliyesimama karibu hana budi kusogea. Katika shughuli hizo mbili, mtazamaji akiondolewa, shughuli yenyewe hupwaya.

Marekebisho yanayotakiwa ni madogo, wala hayana gharama. Mchezaji ashushwe chini. Viti viondolewe mbele. Lipiko lisitangazwe kwa kipaza sauti, bali litokee mahali lisikotazamiwa. Wala mtangazaji asimvue mchezaji kinyago mwishoni ili apigiwe makofi, kama inavyopendwa siku hizi kwa nia njema. Watazamaji wote wa leo wanajua kwamba ndani mna mtu. Heshima iliyobaki ni kukubali, kwa muda wa ngoma moja, kutolisema.