Rubani Asiyegeuka

Ndege ndogo itokayo Mwanza kwenda Seronera hupita kaskazini ya Bariadi. Kukiwa kweupe, rubani huuona mji kwa mbali upande wake wa kulia, mabati yakimetameta. Katikati ya mabati hayo ipo hospitali ya Somanda, ambako watu wa mkoa wa Simiyu hufikishwa kwa bodaboda, kwa bajaji, na wengine kwa mkokoteni wa ng'ombe. Hapo ndege imeshaiacha Mwanza kwa kilomita 120 hivi, na Seronera imebaki kama 90. Kwa ndege ya aina ya Cessna Caravan, kurudi ni dakika 22 au zaidi kidogo. Kwenda mbele ni 17.

Ni hapo ninapomweka abiria wangu, mzee wa safu ya tatu, na kumpa maumivu ya kifua. Abiria nimembuni mimi. Kazi inayofuata ni ya marubani, na kadiri ninavyoichunguza ndivyo ninavyozidi kuiheshimu.

Jambo la kwanza analofanya rubani hodari halionekani: hageuki. Mtu yeyote akisikia mguno nyuma yake shingo huzunguka yenyewe, lakini ndege hii haina mhudumu, na zipo safari ambazo rubani yuko peke yake. Akimtazama mgonjwa kwa nusu dakika, hatari ya mtu mmoja imekuwa ya wote waliomo. Basi anaikagua ndege kwanza: pua iko sawa, mwendo uko sawa, mtambo wa kujiendesha, kama upo, umeshika. Ndipo anafungua mdomo, na hata hapo haongei na mgonjwa. Anaongea na abiria wa kiti cha mbele kulia, yule aliyepewa hedifoni ili afaidi safari na kupiga picha za nyumbu. "Ndugu yangu, nisaidie. Mwangalie mzee. Anatoka jasho? Mguse mkono: ni wa baridi? Muulize maumivu yanakwenda wapi."

Maswali haya yana sababu. Mchana jua likiwa kali, hewa ya moto hupanda toka mbugani na ndege ndogo hurushwarushwa, kwa hiyo wengi wanaonyong'onyea wamepatwa na kichefuchefu tu, na dawa yao ni mfuko wa kutapikia na hewa baridi usoni. Jasho la baridi, pumzi za juu juu, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono wa kushoto, hayo hayaletwi na mtikisiko. Rubani si daktari na hajifanyi daktari. Anachotaka kujua ni kimoja: safari inaendelea au imekwisha?

Nyuma, huruma imeanza kuleta matatizo. Abiria wamefungua mikanda, kila mmoja anataka kumpepea mzee. Dari la Caravan liko mita 1.37 tu kutoka sakafuni, watu wamejikunja, na wakisogea wengi kuelekea mkiani uzito unahama nao. Rubani huuhisi mikononi kabla hajaambiwa, kwa jinsi pua inavyotaka kuinuka. Anarekebisha, kisha anatoa amri kwa sauti ileile ya kawaida: wawili wabaki na mzee, wengine warudi vitini wafunge mikanda. Mzee asilazwe chali. Aketi nusu ameegemea, magoti yamekunjwa, vifungo vya shati vimelegezwa. Moyo ukisimama, ndipo atashushwa sakafuni na kushindiliwa kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wale wawili wakipokezana kila dakika mbili. Hata hilo rubani atalisimamia kwa maneno tu.

Sasa aamue wapi pa kutua. Seronera ni karibu zaidi kwa dakika tano. Bariadi ni karibu kuliko zote, na hospitali ipo. Mtu aliye chini angesema shuka hapo hapo. Lakini ndege hushuka penye njia ambayo rubani anaijua hali yake ya leo, si ya mwezi uliopita. Uwanja wa nyasi unaweza kuwa na ng'ombe, unaweza kuwa na tope. Nako Seronera, katikati ya mbuga, njia ipo, ila mzee akishashushwa, hospitali kubwa bado iko mbali. Mwanza kuna uwanja wa lami, kuna gari la wagonjwa la kuitwa, na kuna Bugando, hospitali ya rufaa inayohudumia Kanda ya Ziwa tangu 1971. Rubani anapima dakika hadi kwa daktari, na kwa hesabu hiyo uwanja ulio mbali ndio ulio karibu. Anageuza ndege taratibu, bila kuilaza sana ubavu, maana mzunguko mkali humzidishia mgonjwa hofu.

Kugeuka huko kunakuja na jambo dogo ninalolipenda. Ndege zinazoruka kwa kutazama nje hufuata kanuni ya kimataifa ya kupishana: ziendazo mashariki hushika futi 7,500 au 9,500, ziendazo magharibi 6,500 au 8,500. Kwa hiyo aliyekuwa 9,500 akigeuka tu, kanuni inamtaka abadili kimo, na kushuka ndiko mzee anakohitaji. Caravan haina kabini ya kushindiliwa hewa. Waliomo huvuta hewa ya kimo kilekile walichopo, na kwenye futi 9,500 shinikizo lake ni kama asilimia 70 ya lile la pwani ya Tanga. Kila futi elfu moja chini ni nafuu kwa moyo unaohangaika.

Redio inakuja baada ya yote hayo. Wasiojua hudhani ndiyo ya kwanza, lakini mwongoza ndege aliye Mwanza hawezi kuishika ndege kwa niaba ya rubani. "Pan-pan" mara tatu, jina la ndege, shida, nia, mahali, kimo, idadi ya watu. Mwito huo unamtanguliza mbele ya wengine wote, isipokuwa mwenye "mayday". Rubani mzuri huongeza umri wa mgonjwa na kama ana fahamu, kwa sababu mnara utampigia simu mtu wa gari la wagonjwa, naye atauliza hayo hayo.

Afrika Mashariki ina urithi wake katika kazi hii. Mwaka 1957 Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyekuwa na shamba Ol Molog, magharibi mwa Kilimanjaro, alianzisha pamoja na Archibald McIndoe na Tom Rees huduma ya madaktari warukao ambayo leo tunaiita AMREF. Wood alirusha ndege mwenyewe, akatua, akanawa mikono, akapasua. Anne Spoerry, aliyejiunga nao miaka ya 1960 na kuhudumia pwani ya Lamu hadi alipofariki 1999, alikuwa vilevile daktari na rubani, na watu walimwita Mama Daktari. Hao walikuwa na kazi zote mbili kichwani, ila angani hata wao walilazimika kuwa marubani kwanza. Udaktari ulingoja magurudumu yaguse ardhi. Siku hizi ndege za huduma hiyo hubeba daktari au muuguzi nyuma, oksijeni na mashine ya moyo, na rubani anaachiwa anga. Rubani wa abiria wa kawaida hana hao. Ana sanduku la huduma ya kwanza na sauti yake. Huyo ndiye ninayemwona fundi zaidi.

Mwanza inaonekana, ziwa likiwa nyuma yake, na uwanja uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Anashuka futi 500 kwa dakika, si zaidi, masikio ya mzee yasizibe. Upepo wa ziwa wa mchana unamsukuma, anaukabili. Kama mzee yuko sakafuni hana mkanda, hivyo kutua lazima kuwe kwa kunyata, na kwa vile njia ni ndefu hakuna haja ya kubana breki.

Gari la wagonjwa linakimbilia ndege, na hapa rubani anakuwa mkali kwa mara ya kwanza: anawapungia mkono wakae mbali hadi pangaboi la mbele lisimame kabisa. Mlango mkubwa wa mizigo, upande wa kushoto nyuma, ndio unaopitisha machela. Mzee anaondoka. Rubani anaandika kitabu cha ndege: saa, mahali, kilichotumika kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Anaagiza mafuta. Nyuma yake wamebaki watu wenye nafasi walizolipia Seronera, na njia za mbugani hazina taa. Anatazama saa, anahesabu dakika hadi magharibi, na kuwaambia wakanywe maji haraka.