Fundo la Mwisho la Raketi

Fundo la raketi ya tenisi halizidi sana punje ya mchele, na mtazamaji aliyeketi jukwaani hawezi kuliona. Hata hivyo uzi wote, mita 12 hivi, uliopitishwa tundu kwa tundu na kuvutwa mstari kwa mstari, umekabidhiwa kwa fundo hilo. Likishika, raketi hulia sauti moja safi kila mpira unapoigusa. Likiteleza, kazi ya saa nzima huanza kulegea kutoka pembeni, kimya kimya, na mchezaji hubaki akiulaumu mkono wake. Zamani mafundi wa kazi hii walipimana kwa mafundo. Siku hizi wengi wao hupimana kwa dakika.

Nyuzi za raketi hufumwa kama nguo. Zile za wima ndizo mtande, nazo hutangulia. Za mlalo ndizo mshindio, nazo hupita juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, hadi mwisho wa fremu. Katika raketi nyingi za sasa mtande una nyuzi 16 na mshindio 19. Fundi akitumia uzi mmoja mzima, raketi huwa na mafundo mawili; akitumia vipande viwili, huwa na manne. Hayo ndiyo yote, na kwa uchache wake hakuna hata moja la kufungwa ovyo.

Tenisi ya uwanja wa majani ilipata hataza yake Uingereza mwaka 1874, kwa jina la Walter Clopton Wingfield, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yakachezwa mwaka 1877. Mjini Lyon, Ufaransa, nyumba ya Babolat, iliyojua kutengeneza nyuzi za ala za muziki kwa utumbo wa kondoo, ilianza kutengeneza za raketi mwaka 1875. Baadaye utumbo wa ng'ombe ulichukua nafasi ya ule wa kondoo. Utumbo ndio uliowafundisha mafundi adabu, kwa sababu hauvumilii papara. Ukipindwa ghafla, nyuzinyuzi zake huachana. Ukiburutwa kwa kasi juu ya mwenzake, huungua kwa msuguano. Ukipata unyevu, huvimba na kuchakaa. Aliyezoea kuufunga alizoea pia kutulia.

Kabla ya mashine zenye vibano, uzi ukishavutwa ulizuiwa tunduni kwa msharasi, ili usirudi nyuma wakati unaofuata unavutwa. Chombo hicho kidogo kilitunzwa kuliko vyote. Kilisuguliwa mpaka kikawa laini kama kioo, kwa maana mkwaruzo mmoja kwenye ncha yake ulitosha kuuchana utumbo, na uzi uliochanwa haukatiki siku hiyo. Hukatika mchezoni, siku ambayo fundi hayupo kujitetea. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Fundi mwema alihakikisha kwamba ubovu huo haukutoka mikononi mwake.

Raketi nyingi za mbao za zamani zilikuwa pia na pambo: uzi mwembamba wa rangi uliozungushwa juu na chini ya mfumo wa nyuzi. Haukuongeza nguvu ya pigo wala haukumsaidia mchezaji kushinda. Ulizungushwa kwa nafasi sawa, ncha zake zikafichwa, ili raketi itoke karakanani ikiwa imekamilika machoni kama ilivyokamilika mkononi. Muda uliotumika hapo haukulipiwa na mpira wowote. Ulilipiwa na heshima ya kazi, na pambo hilo lilipoachwa, wachache waliuliza lilikokwenda.

Fundo lenyewe, katika umbo lake la kawaida, ni vitanzi viwili. Ncha ya uzi huingizwa katika tundu lililotengwa kwa ajili ya kufungia, kando ya uzi mwingine uliokwisha kuvutwa. Huo ndio uzi mwenyeji, nao ndio utakaolibeba fundo. Ncha huuzunguka, hupita ndani ya kitanzi chake yenyewe, kisha huvutwa. Kitanzi cha kwanza kazi yake ni kuondoa ulegevu wote uliobaki kati ya kibano na tundu, kwa hiyo hukazwa taratibu hadi fundo liegemee ukingo wa tundu. Kitanzi cha pili hukifunga cha kwanza kisirudi. Fundi anayekiharakisha cha kwanza akitumaini kwamba cha pili kitaokoa mambo huwa amefunga ulegevu wenyewe ndani ya fundo.

Jaribio halisi huja kibano kinapofunguliwa. Uzi hurudi nyuma kidogo mpaka fundo liume, na kiasi cha kurudi huko ndicho mkazo unaopotea katika uzi wa mwisho. Baadhi ya mafundi huongeza ratili chache wanapovuta uzi huo ili kufidia kitakachopotea. Wengine hukataa, wakisema kwamba fundo lililokazwa vizuri ndilo fidia ya kweli. Pande zote mbili zinakubali jambo moja: hakuna nyongeza inayolitibu fundo lililolegea.

Yako mafundo mengine. Fundo la Parnell, lililobeba jina la fundi wa nyuzi, hupendwa kwa kuwa hujikusanya likawa dogo na halirudi nyuma sana. Fundo la kuanzia mshindio lina mahitaji yake: halina budi kuwa nene, la sivyo mashine itakapovuta litapenya tunduni au kuharibu kibomba cha plastiki kinachoulinda uzi. Mafundi wengi hulikwepa kwa kuushika mwanzo wa uzi kwa kibano maalumu, kisha wakaja kuufunga kwa fundo la kawaida. Ni njia ndefu zaidi, na kwa uzi wa utumbo ni njia ya huruma zaidi, kwa kuwa uzi mwenyeji haukabwi.

Uzito wa mzigo unaobebwa na mafundo haya ulionekana wazi katika raketi za Björn Borg. Katika miaka ya 1970 Borg alicheza na raketi za mbao zilizovutwa karibu ratili 80, na husimuliwa kwamba usiku nyuzi zilikuwa zikikatika zenyewe chumbani mwake. Kwa mkazo kama huo, fundo la mzaha halina pa kujificha.

Mwaka 1997 Gustavo Kuerten alishinda mashindano ya Ufaransa akitumia nyuzi za poliesta, na baada yake nyuzi hizo zikaenea duniani. Poliesta ni ngumu na hukaidi vidole, hivyo koleo likawa msaada wa lazima. Koleo si kosa, mradi lishike mkia utakaokatwa na livute bila kushtua. Kosa ni kuukabidhi mkia kwa mashine ili ndiyo ikaze fundo, mpaka uzi mwenyeji ukatike au ujeruhiwe. Uzi mgumu umezoesha mikono ubabe, na mikono hiyo inapokutana na utumbo haijui tena kusubiri.

Mashine za umeme za leo huvuta kwa usahihi ambao hakuna msuli wa mtu unaoufikia. Lakini kazi yao huishia kwenye kuvuta, na fundo bado hufungwa kwa vidole. Hapo, mahali palipobaki kwa mkono, ndipo haraka imeingia zaidi. Mkazo husomwa kwenye kioo cha mashine na kutajwa kwa fahari. Fundo halina namba, basi halitajwi.

Fundo likishakazwa, mkia hukatwa, ukiachwa milimita chache tu: mfupi usilie wala usikwaruze, mrefu kiasi cha kutochomoka. Nyuzi zinapochakaa, hukatwa kuanzia katikati kwenda nje, ili fremu ipumue sawasawa isijipinde. Mafundo hutoka mwisho. Mwanafunzi wa zamani aliyaokota na kuyatazama, akaona wapi mwenzake alivuta mno na wapi alichoka, kwa kuwa fundo humtaja fundi wake hata akiwa hayupo. Sasa huanguka sakafuni pamoja na vipande vingine vya uzi, na ufagio huyapitia yote bila kuyabagua.