Imani ya Taifa na Imani ya Kanisa: Tathmini ya Hoja ya Samuel Huntington

Mwaka 2004 Profesa Samuel P. Huntington wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa kitabu kiitwacho Who Are We?, yaani "Sisi ni Nani?", juu ya utambulisho wa taifa la Marekani. Mwandishi huyo, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa amekwisha kujulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu mgongano wa ustaarabu. Kitabu tunachokitathmini hapa ni cha siasa, wala si cha teolojia. Hata hivyo chastahili kusomwa na wachungaji na wanafunzi wa teolojia, kwa sababu kimeuweka Uprotestanti katikati ya hoja yake. Jina la imani linapotumiwa kuweka mpaka wa taifa, Kanisa halina budi kupima limetumiwaje.

Hoja yenyewe kwa ufupi ni hii. Wengi hufundisha kwamba Marekani ilijengwa juu ya wazo: kwamba watu wote wameumbwa sawa, kwamba wana haki zisizoondoleka, na kwamba serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya wale wanaotawaliwa. Ndiyo maana ya Tamko la Uhuru la Julai 4, 1776. Huntington hakatai, ila asema kwamba wazo peke yake halitoshi kushikamanisha taifa. Wazo hilo lina mzazi, nao ni utamaduni wa walowezi Waprotestanti kutoka Uingereza: lugha ya Kiingereza, dini yao, utawala wa sheria, kumthamini mtu binafsi, bidii ya kazi, na imani kwamba wanadamu wana uwezo na wajibu wa kujenga mbingu hapa duniani. Kama nchi ile ingalikaliwa kwanza na Wakatoliki wa Ufaransa, Hispania au Ureno, asema, ingalifanana na Quebec, Mexico au Brazil. Kwa msingi huo aona hatari katika wingi wa wahamiaji wasemao Kihispania, hasa watokao Mexico.

Tukiri kwanza yaliyo kweli. Watu hawaishi kwa maneno ya katiba tu. Huishi pia kwa lugha, desturi, nyimbo na kumbukumbu. Ni kweli pia kwamba madhehebu ya Kiprotestanti yaliyokataa kutawaliwa na maaskofu wa mfalme yaliizoeza jamii ile kujitawala. Anayedhani kwamba maadili huota hewani, bila mizizi, na asome sura hizo kwa makini. Pamoja na hayo, tuna mambo matatu ya kumwuliza mwandishi.

La kwanza ni la historia, nalo latuhusu sisi Walutheri. Neno "Mprotestanti" halikumfungulia kila Mprotestanti mlango. Mwaka 1751 Benjamin Franklin aliandika akiuliza kwa nini Pennsylvania, iliyoanzishwa na Waingereza, igeuke kuwa koloni la wageni watakaowafanya Waingereza kuwa Wajerumani. Wengi wa wageni hao walikuwa Walutheri, ambao Henry Melchior Muhlenberg alifika kuwachunga mwaka 1742. Lakini mwaka 1789 mwanawe Frederick, aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji wa Kilutheri, alichaguliwa kuwa Spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi. Hofu ya baba wa taifa haikutimia.

Hata hivyo hofu haikufa. Mwaka 1918, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Gavana William Harding wa Iowa alitangaza kwamba Kiingereza pekee ndicho kitakachotumika shuleni, hadharani, katika simu na hata katika ibada. Wajerumani, Wanorwe na Wadenmark, wengi wao Walutheri, wakaamriwa kunyamaza au kuhubiriwa kwa lugha ambayo wazee wao hawakuielewa. Katika jimbo jirani la Nebraska, mwalimu Robert Meyer wa shule ya usharika wa Kilutheri alitiwa hatiani kwa kumfundisha mtoto kusoma Kijerumani katika kitabu cha hadithi za Biblia. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ilimpa haki yake, nayo ilitumia Badiliko la 14 la Katiba, lililopitishwa mwaka 1868 ili kulinda haki za watu waliotoka utumwani. Msomaji na aitafakari njia hiyo. Mlutheri mwenye asili ya Ujerumani aliokolewa na kipengele kilichoingia katika Katiba kwa sababu ya mateso ya Waafrika.

Jambo la pili latokana na hilo. Huntington hafichi kwamba watu weusi na wenyeji wa asili walitengwa, ila hawapi nafasi waliyostahili kama wafasiri wa maadili yale. Bunge la 1776 lilifuta katika rasimu ya Jefferson aya iliyolaumu biashara ya watumwa. Jefferson mwenyewe, katika maisha yake yote, alimiliki watumwa zaidi ya 600. Sheria ya uraia ya mwaka 1790 iliwapa nafasi watu huru weupe tu. Hao ndio waliokuwa wenye utamaduni. Ni nani basi aliyeyashika maneno yao kwa uzito?

Tumtazame Daniel Alexander Payne, aliyezaliwa huru huko Charleston mwaka 1811. Mwaka 1835 alilazimika kuifunga shule yake, kwa kuwa South Carolina ilikataza kuwafundisha watu weusi. Akaenda kusoma katika seminari ya Kilutheri ya Gettysburg, na mwaka 1839 Sinodi ya Franckean, iliyopinga utumwa waziwazi, ilimbariki kuwa mchungaji. Baadaye, mwaka 1852, alikuwa askofu katika Kanisa la African Methodist Episcopal. Payne alikuwa Mprotestanti, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Utamaduni uliomlea ndio huohuo uliomfungia shule. Usawa aliokuwa akiudai haukuhifadhiwa na wenye mali hiyo, bali na wale walionyimwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 Huntington alieleza vema jinsi siasa za Marekani zinavyosukumwa na pengo kati ya maadili yanayokiriwa na taasisi zilizopo. Katika kitabu cha 2004 pengo hilo lilistahili nafasi kubwa kuliko lililopewa.

Jambo la tatu ni la imani yenyewe. Huntington ahesabu tumaini la kujenga mbingu duniani kuwa tunu ya Kiprotestanti. Lakini Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 17, lawakataa wafundishao kwamba wacha Mungu watautwaa ufalme wa dunia kabla ya ufufuo wa wafu. Hata John Winthrop, alipolitumia neno la Mathayo 5:14 mwaka 1630, aliwaonya wenzake kwamba wasipomwamini Mungu kwa kweli watakuwa mithali ya aibu kwa mataifa. Wazao walishika sifa, wakaacha onyo. Nabii Amosi, katika 9:7, awakumbusha Waisraeli kwamba Mungu aliyewatoa Misri aliwatoa pia Wafilisti na Washami. Imani ikifanywa gundi ya taifa, hupoteza uwezo wa kulihukumu taifa.

Walutheri wa Tanzania wana sababu ya kulijua jambo hili. Sinodi ya Augustana, iliyotuma wamisionari Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, iliundwa mwaka 1860 na wahamiaji wa Skandinavia, na kwa miaka mingi iliabudu kwa Kiswidi katikati ya watu wa Kiingereza. Kwa kipimo kilekile cha lugha, hao nao walikuwa wageni wa kuhofiwa. Nasi tulipokea mengi mikononi mwao.

Kwa hiyo kitabu hiki kisomwe, na hoja yake juu ya mizizi ipewe heshima. Lakini mhubiri asiichukue na kuipeleka madhabahuni, iwe huko Marekani au popote ambapo kabila, lugha au taifa hudai kuwa mmiliki wa Injili. Watu wote wameumbwa sawa kwa sababu Muumba ni mmoja, na ukweli huo ulikuwapo kabla ya walowezi kupanda merikebu.