Tendegu

Kitanda cha bibi nilikipeleka Kisugu, jijini Kampala, kwa seremala wa chini ya kilima cha Muyenga, nikamwambia tendegu moja limelegea. Akanitazama kama niliyemtajia mtu asiyemfahamu.

"Mguu, mzee?"

Nikakubali: mguu. Akakipindua kitanda, akachomoa mfumbati kwa mikono mitupu, akanionyesha ulimi wa mti ulivyoingia kwenye tundu lake bila msumari hata mmoja. Jina hakulijua, kazi aliijua. Mimi nilikuwa kinyume chake, wala sioni kama nilimzidi.

Kitanda cha zamani cha pwani kina majina kama mwili. Matendegu ndiyo miguu, mengi yao yamekerezwa. Mifumbati ni miti miwili ya ubavuni. Vitakizo huifunga huku na huku, na upande wa kulaza kichwa ni mchago. Katikati huwambwa kamba. Ngoma nayo huwambwa, na vyote viwili vikilegea hapana raha. Hata uwazi wa chini umepewa jina, mvungu, na mtaka cha huko sharti ainame. Meza nayo ikapewa mtoto, huyu ambaye siku hizi tunamwita droo. (Mtoto anatoka na kurudi kwa mamaye, droo inafunguliwa tu.)

Kiti cha enzi cha Lamu ni habari nyingine. Fremu ni ya mti mweusi, imepambwa kwa vipande vya mfupa au pembe za ndovu, na pale unapotegemea ubao utakuta kamba zilizowambwa, mgongoni na makalioni. Hakikuundwa kwa ajili ya kujinyoosha. Kilikuwa cha mgeni wa heshima, naye alitakiwa akae wima. Kasha lenye njumu za shaba, wauzaji huliita la Zanzibar, ingawa mengi yaliundwa India.

Majina haya yamesafiri kuliko samani zenyewe. Meza na kasha ni maneno ya Kireno, lugha ya mabaharia waliofika pwani yetu mwaka 1498. Meza ikapanda bara hadi ikawa emmeeza ya Waganda. Kitanda kikawa ekitanda, msumeno ukawa omusumeeno. Fundi wangu anaposema Kiganda tangu asubuhi hadi jioni, nusu ya karakana yake inasema Kiswahili. Mvule tu haukuhitaji safari: pwani upo, na Busoga upo, kwa jina lilelile.

Fundi alichonga ulimi mpya, akaujaribu mara nne, kila mara akipunguza unyoya mmoja wa mti, mpaka ukaingia kwa kusukumwa na kiganja. Nyundo ilikuwa karibu naye muda wote huo. Hakuigusa.

Nawe ukiwa na kitanda cha namna hii, usimruhusu mtu akipige msumari, maana mti mkavu hupasuka. Tafuta fundi atakayekipindua kwanza.