Ua Zima Pembeni

Nakshi ya mlango haibandikwi. Mgeni anayepita Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, huona maua yamechomoza kwenye kizingiti cha juu akadhani yameongezwa. Ukweli ni kinyume: fundi huchora ruwaza juu ya ubao wa mvule au msaji, kisha kwa patasi na nyundo ya mti huuteremsha ubao unaolizunguka ua. Ua lenyewe hubaki palepale. Makali hufuata nyuzi za mti. Yakienda kinyume, petali humeguka, na kilichomeguka hakirudi. Kina kidogo tu chatosha: jua la alasiri likipiga kwa upande, kila jani lina kivuli chake.

Nikitaka kumjua fundi, hutazama pembe, pale utepe wa nakshi unapopanda na mwimo na kukutana na kizingiti. Asiyepiga hesabu hufika hapo na nusu ya ua. Aliyehesabu tangu penseli ilipogusa ubao huweka ua zima pembeni, na mnyororo wa nakshi huendelea kana kwamba haukupinda.

Jiwe nalo lina masharti yake. Matumbawe yaliyotolewa baharini huchongeka yakiwa mabichi, kisha huwa magumu yakikauka, kwa hiyo fundi hana nafasi ya kusitasita. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 500 wa Hijria (1107), yamechongwa kwenye matumbawe na yanasomeka hadi leo.

Yuko pia fundi wa maneno. Ulaya, mshairi wa kike huenda akachongewa uso wake kwenye marumaru. Milangoni na misikitini mwetu, patasi ilielekezwa kwenye maua, minyororo na maandishi. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, hatuna sura yake. Tunao ufundi wake, nao una hesabu ileile: kila ubeti vipande vinne vya mizani minane, vitatu vinashirikiana kina, cha nne kinarudi kwenye kina kinachofunga utendi wote. Kwa beti zipatazo mia, neno la mwisho la kila ubeti lazima lifike bila kusukumwa. Mtunzi anayeanza kulitafuta akiwa kwenye kipande cha nne amekwisha chelewa. Ustadi ni kuvipanga vitatu vya kwanza vikilielekea.