Mzinga Huu ni wa Nani? Tukiisoma Mizinga ya Ngome ya Yesu

Mwanafunzi wetu mmoja wa Kanyosha alipoulizwa darasani maana ya neno 'mzinga', alianza na nyuki. Hakukosea. Kirundi kina 'umuzinga' kwa maana hiyohiyo, na Kiswahili kinatumia jina moja kwa makazi ya nyuki na kwa silaha. Jibu lake lilitukumbusha Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na ambayo leo ni makumbusho.

Humo umo mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, na pia wa Pegasus, meli ya Kiingereza iliyoshambuliwa na hiyo Königsberg ikazama Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Kuwakutanisha mahasimu hao, kwa maoni yetu, ni wazo zuri. Tunachokipinga ni kijineno kidogo tunachokifundisha mwaka wa kwanza: 'wa', ile -a unganifu. Tukisema 'mzinga wa Königsberg' tunaipa meli umiliki. Lakini meli hiyo ilikuwa vitani kwa muda usiofika mwaka, ikaishia Rufiji Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikavutwa nchi kavu, na wa mwisho ulidumu hadi 1917. Ilivutwa na nani? Na mamia ya wapagazi, kwa kamba. Katika masimulizi wamefichwa nyuma ya kauli ya kutendwa, kama tulivyowaficha sisi wenyewe sentensi mbili zilizopita.

Mmoja wa mizinga hiyo ulifikishwa Kigoma, ukafungwa juu ya meli Graf von Goetzen, katika ziwa hilihili lililo jirani na Kanyosha. Juni 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe. Iliibuliwa mwaka 1924, nayo ndiyo Liemba.

Kwa hiyo habari ya mizinga si ya Mombasa peke yake. Tena si ya zamani sana: wazazi wa wanafunzi wetu wanakumbuka Julai 2003, waasi wa FNL waliposhambulia mitaa ya kusini ya Bujumbura. Ukiwauliza wazazi hao kuhusu silaha za siku zile, hawataji meli wala kiwanda. Wanataja kilima lilikotoka kombora, na nyumba lilipoangukia.